Vyombo safi, makala kidogo: namna ya kuosha masahani bila kupoteza moto, maji na pesa



Juma hili tunazungumza juu ya kazi ambayo hakuna mtu anayeipigia makofi: kuosha vyombo. Tunapika mara mbili kwa siku, wengine mara moja, lakini vyombo vinachafuka kila siku. Tukizungumza juu ya makala inayomalizika, tunafikiri maharagi na sombe. Ni kweli, maharagi yanakula moto. Lakini katika nyumba nyingi kuna moto mwingine ambao hatuuhesabu: ule wa kuchemsha maji ya kuoshea masufuria na masahani. Na kuna maji ambayo hatuyahesabu, hata kama mtu ameyabeba kichwani kutoka chemchemi ya bondeni.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu anapenda kuhesabu. Basi tuhesabu pamoja.

Hesabu ya sufuria moja ya maji

Tuchukue mama mmoja wa Butembo. Baada ya chakula cha jioni anaweka mbabula tena, anajaza sufuria ya lita 10, anangoja mpaka ichemke. Hapa Butembo tuko juu, karibu na metre 1,800 juu ya bahari, na maji yetu ni ya baridi, takriban digri 18 asubuhi na jioni. Kwa sababu ya milima, maji yetu yanachemka kwenye digri 94 hivi, hayafiki 100. Hata hivyo, kuyatoa kwenye 18 na kuyafikisha kwenye 94 ni safari ndefu.

Katika mbabula ya kawaida sehemu kubwa ya joto inakwenda hewani na pembeni. Takriban sehemu moja kwa tano tu ndiyo inaingia ndani ya sufuria. Ukipiga hesabu, sufuria hiyo ya lita 10 inakula karibu nusu kilo ya makala. Kisha mama anafanya nini? Maji yanayochemka hayaguswi kwa mkono. Anayachanganya na maji ya baridi. Maana yake amelipia joto ambalo yeye mwenyewe analizimisha.

Sasa tuchukue jirani yake. Yeye anapasha moto lita 3 tu, tena mpaka mkono uvumilie, digri 45 hadi 50. Hesabu inatoa karibu gramu 70 za makala. Kwa vyombo vilevile, watu walewale, usafi uleule.

Tofauti kati yao ni zaidi ya gramu 400 kwa siku. Kwa mwezi ni kama kilo 13. Kwa mwaka inapita kilo 150. Sitaandika hapa bei ya gunia, kwa sababu inapanda na kushuka kufuatana na barabara, mvua na usalama, na ninyi mnaijua kunishinda. Chukueni bei mliyolipa mara ya mwisho, pimeni gunia lina kilo ngapi, halafu fanyeni hesabu yenu. Wengi mtashangaa kuona kwamba katika mwaka mmoja, magunia kadhaa yanachomwa kwa ajili ya kuosha masahani tu.

Kwa wale wenye umeme na resho, hesabu ni ileile kwa lugha nyingine. Kuchemsha lita 10 kunaomba karibu kilowati-saa 0.9. Kupasha lita 3 mpaka mkono uvumilie kunaomba 0.1 na kidogo. Mwenye mita ya kulipa mbele anaona namba zikishuka machoni pake.

Makala hii inatoka wapi?

Tuseme ukweli kati yetu. Ili kupata kilo moja ya makala katika tanuri la udongo la porini, mchomaji anatumia kilo 5 mpaka 10 za miti. Kwa hiyo zile kilo 150 za yule mama ni miti ya kilo 750 mpaka 1,500 kwa mwaka, kutoka nyumba moja, kwa ajili ya maji ya vyombo.

Makala nyingine inatoka kwenye mashamba ya watu waliopanda miti yao wenyewe. Tangu mwaka wa 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda mikaratusi, grevillea na akasia kwa ajili ya makala, ili pori lipumue. Lakini makala nyingine inatoka ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 na ambayo ni ya zamani kuliko parke zote za Afrika. Tangu 1979 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Wamama wa Beni hawahitaji kufundishwa hatari nyingine. Tangu mwezi wa kumi wa 2014, mauaji yamewafuata watu wetu mpaka mashambani na kwenye njia za kwenda kuni. Kuna mama ambao walikwenda kutafuta kuni na hawakurudi. Kila fungu la kuni lisilohitajika ni safari moja ambayo mama au binti yake hakuifanya. Mbele ya jambo hilo, hata bei inakuwa kitu kidogo.

"Lakini maji ya moto yanaua microbe!"

Hili ndilo jibu ninalolisikia kila mara, na linatoka katika moyo mzuri. Tulipita katika kipindi kigumu. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukamalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao wa Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Tulijifunza kunawa kwenye kila mlango. Hakuna mama anayetaka kurudi kwenye uchafu kwa ajili ya kuokoa makala. Hata mimi sitaki.

Lakini tuelewe mambo yalivyo. Joto linaloua microbe kweli ni joto ambalo mkono wako hauwezi kuvumilia. Maji unayoyagusa ukiwa unaosha, hata ukiyaona ni ya moto, kazi yake ni kulegeza mafuta, siyo kuua. Kinachosafisha sahani ni mambo manne: sabuni, kusugua, kusuuza kwa maji safi, na kukausha vizuri. Sabuni inashika mafuta na uchafu pamoja na microbe zake, kusugua kunaving'oa, maji ya kusuuza yanavipeleka mbali, na jua linamaliza kazi. Mama anayechemsha sufuria nzima, kisha akafuta masahani kwa kitambaa kilekile alichofutia meza na mikono ya watoto, amerudisha microbe na amepoteza makala yake.

Maji yanayochemka yana mahali pake. Chupa na kijiko cha mtoto mchanga vichemshwe baada ya kuoshwa. Na kama kuna mgonjwa nyumbani, mwenye kuharisha au ugonjwa wa kuambukiza, vyombo vyake vitengwe na mfuate namna mliyoelezwa na muuguzi wa kituo cha afya. Akiwapa dawa ya klore, kumbukeni kanuni hii: klore inakuja baada ya kuosha kwa sabuni, na katika maji ya baridi. Ukiitia kwenye chombo chenye mabaki ya chakula, nguvu yake inaishia kwenye uchafu.

Kila uchafu na maji yake

Siri ya kwanza ya kupunguza moto ni kujua kwamba uchafu wote si mmoja.

Wanga: bugali, uji, wali, viazi, ndizi. Huu unaomba maji ya baridi na muda. Bugali wa mihogo ukikauka juu ya sufuria unakuwa kama gundi, na maji ya moto sana yanauzidisha kunata. Ukishapakua tu, mimina maji kidogo ya baridi ndani ya sufuria, hata kikombe kimoja au viwili, funika, nenda ukale. Ukirudi, ukoko umelegea na unatoka kwa mwiko. Hakuna makala hapa.

Maziwa na mayai. Haya pia yanaomba maji ya baridi kwanza. Ukimimina maji ya moto unayapika upya juu ya chombo, yanashika zaidi.

Mafuta. Hapa ndipo joto linahitajika. Mawese yetu yanayeyuka kati ya digri 35 na 40. Beni, ambako kuna joto, yanabaki laini, na mama wa Beni anaweza kuosha sahani ya sombe kwa sabuni na maji aliyoyaacha juani. Butembo mawese yanaganda kama mshumaa, na juu ya hiyo mama wa Butembo anahitaji maji ya vuguvugu. Vuguvugu tu! Digri 45 zinatosha kabisa. Na kabla ya maji, futa mafuta kwa jani la mgomba, kwa karatasi au kwa majivu makavu. Mafuta uliyoyafuta hayaombi sabuni.

Masizi. Wanaopika kwa kuni, pakeni nje ya sufuria sabuni kidogo iliyolowana, au udongo laini wenye maji, kabla ya kuiweka motoni. Masizi yatakaa juu ya ule udongo, na jioni yatatoka pamoja nao. Wabibi zetu walilijua hili, sisi tumelisahau.

Hatua kwa hatua

Haya ndiyo mafuatano ninayowapendekezea. Jaribuni juma moja.

1. Kusanya. Usioshe kikombe kimoja kimoja siku nzima, kila mara na sabuni mpya na maji mapya. Weka vyombo vya asubuhi vilivyokwisha kukwanguliwa ndani ya beseni yenye kifuniko, mbali na nzi, uvioshe pamoja na vya mchana. Lakini vya jioni visilale: panya na mende wanakuja usiku.

2. Kwangua. Mabaki yaende kwa kuku na nguruwe, yasiende ndani ya maji. Maji yakibaki safi yanaosha vyombo vingi zaidi.

3. Loweka vya wanga na vya maziwa katika maji ya baridi, wakati wa kula.

4. Tumia moto unaobaki. Bugali ukiishatoka, makala bado ni nyekundu. Weka hapo mara moja sufuria ndogo ya lita 3, na uifunike. Kifuniko ni nusu ya kazi. Mpaka mmalize kula, maji yamekwisha kuwa vuguvugu, na hujaongeza hata kipande kimoja cha makala. Huu ni moto wa bure kwa sababu ulikwisha kuulipia.

5. Panga mabeseni mawili. La kwanza ni la kuosha, lina maji ya vuguvugu na sabuni. La pili ni la kusuuza, lina maji safi ya baridi. Usioshe chini ya robine inayofunguka, wala kwa kumimina bidoni juu ya kila sahani.

6. Fuata mpango: kwanza glasi na vikombe, kisha vijiko, kisha masahani, kisha masinia, mwisho masufuria. Kilicho safi kinatangulia, chenye mafuta kinafuata. Ukianza na sufuria ya samaki wa Kyavinyonge, glasi zako zitanuka samaki na utalazimishwa kumwaga maji.

7. Maji ya kusuuza yakianza kuwa na povu, yasimwagwe: yawe maji ya kuosha masufuria, na beseni la kusuuza lipate maji mapya. Namna hiyo maji yanafanya kazi mara mbili.

8. Kausha juu ya kichanja. Miti michache na kamba zinatosha, juu kuliko kuku na mbwa wanavyofika. Vyombo vielekezwe chini, upepo na jua vifanye kazi ya kitambaa. Mvua ikikaribia, viingizwe ndani na kufunikwa.

9. Zima makala. Yale mabaki usiyaache yajimalize kuwa majivu. Yatie ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho yanawaka tena.

Neno moja la hatari hapa. Butembo usiku ni baridi, na watu wanaingiza mbabula chumbani ili wapate joto. Wamama, msifanye hivyo! Makala inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa yenye sumu isiyoonekana na isiyonuka. Watu wanalala na hawaamki. Mbabula ibaki nje au mahali penye hewa.

Majivu, sabuni na jua

Majivu ya kuni na ya makala ni msaada mkubwa. Yana chumvichumvi inayoshika mafuta na kuyageuza kidogo kuwa kama sabuni. Ndiyo maana mkono unateleza. Yachunge, yatumie kusugua masufuria, na utaona kipande cha sabuni kinadumu. Lakini angalia mambo matatu. Yasiwe majivu ya mahali mlipochoma plastiki au takataka. Yasilazwe usiku kucha juu ya sufuria ya alumini, kwa sababu yanaila polepole. Na sherti usuuze vizuri. Mchanga nao unakwaruza alumini, na kila mkwaruzo ni nyumba ya uchafu wa kesho.

Sabuni, tuna bahati, inatengenezwa kwetu. Mawese ya Beni ndiyo mama wa sabuni nyingi za hapa. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mtambo mdogo wa umeme wa maji ulianza kazi mwaka wa 2013, na umeme huo ndio uliowezesha kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya wakulima wa jirani. Usitupe sabuni nzima ndani ya beseni. Ikate vipande vidogo, kimoja kiyeyuke ndani ya kikombe cha maji, na umimine kidogo kidogo.

Jua pia ni moto, tena hatulipi. Chukua bidoni ya zamani, ipake rangi nyeusi au masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, ijaze maji, iache juani tangu asubuhi, ikilala juu ya bati. Kabla ya mvua ya mchana maji yamekwisha kuwa vuguvugu. Beni inafanya kazi karibu kila siku. Butembo inategemea mawingu. Maji hayo ni ya kuosha tu, si ya kunywa.

Na wenye mashine?

Wengine wetu wana ndugu Ubelgiji, Ufaransa au Kanada, wanaotuambia kwa simu kwamba kule mashine inaosha vyombo na mtu anakaa. Wengine wanafikiri ni uvivu. Tuitazame mashine hiyo vizuri, kwa sababu ina somo kwetu.

Ni mwanamke aliyeifikiria. Josephine Cochrane, mjane wa Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wake tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1886, na mwaka wa 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Mwanzoni hoteli ndizo zilizoinunua. Leo mashine nzuri ya nyumbani inaosha vyombo vya watu zaidi ya kumi kwa takriban lita 10 za maji na chini ya kilowati-saa 1 ya umeme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya kiasi hicho waoshe kwa mkono: kwa wastani walitumia kama lita 100, kwa sababu waliacha robine wazi.

Mashine inafanyaje? Maji yake ni kidogo, na inayazungusha mara nyingi juu ya vyombo vilevile. Sehemu kubwa ya umeme wake inakwenda kwenye kupasha maji, basi ile programu ya kuokoa umeme inapasha maji mpaka kama digri 50 tu na inaacha muda ufanye kazi: inaweza kupita masaa matatu. Watu wanadhani kwamba programu ndefu inakula umeme zaidi. La, inakula kidogo, kwa sababu haina haraka ya moto. Na ndugu zetu wenye mashine wanaambiwa: ngoja ijae, kwangua bila kusuuza kwanza, safisha kichujio, na mwisho fungua mlango vyombo vikauke kwa hewa.

Mnaona? Ngoja vijae, kwangua, loweka, maji kidogo, joto la kadiri, kausha kwa hewa. Ni mambo yaleyale tuliyoandika hapo juu. Mama mwenye mabeseni mawili na sufuria ya lita 3 anaweza kukaribia maji ya mashine bila kununua mashine. Sikatai siku moja tuwe nazo. Kule Luviro, katika teritware ya Lubero, mto wetu umekwisha kutoa umeme, na nyumba zinazopata nyaya zinaongezeka. Lakini mwenye kujifunza kuokoa leo akiwa na mbabula, ataokoa pia siku atakapopata umeme.

Saa ya binti

Nimeacha jambo hili mwisho kwa makusudi, maana ndilo linalonigusa kazini. Tangu mwezi wa tisa 2019, serikali iliondoa minervali kwenye shule za msingi za umma. Lakini hakuna aliyeondoa masahani! Asubuhi, kengele ikilia, tunaandika majina ya wanaochelewa, na mara nyingi majina ya wasichana ni mengi. Ukimuuliza binti, anajibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nilikuwa naosha vyombo vya jana," au "Nilikwenda kuchota maji." Kaka yake, wa nyumba ileile, amekaa kwenye benchi tangu saa moja na nusu.

Tuhesabu tena. Tuseme vyombo vinamchukua binti saa moja kwa siku, pamoja na safari ya maji. Kwa juma ni masaa saba. Hiyo ni zaidi ya asubuhi nzima ya shule. Ukifuata mpango wa mabeseni mawili, bidoni inayotosha siku moja inaweza kutosha mbili, ukoko uliolowekwa hausuguliwi nusu saa, na vyombo vya jioni vinakwisha jioni. Ukimwongezea kijana wa kiume zamu yake, binti anapata saa ya kusoma. Mikono ya mvulana haiyeyuki katika sabuni. Atakapokwenda kusoma chuo Bunia, Goma au Kisangani, nani atamwoshea sahani yake?

Zamu ziandikwe kwenye karatasi ukutani: Jumatatu huyu, Jumanne yule. Hata baba akioga mapema, anaweza kuweka lile sufuria la lita 3 juu ya makala inayobaki.

Kazi ya kundi juma hili

Kwa makundi ya likirimba na AVEC, ninawapa zoezi, kama nifanyavyo darasani.

Siku tatu za kwanza, osheni kama mlivyozoea, na kila mama aandike mambo matatu: bidoni ngapi za maji zilikwenda kwenye vyombo, makopo mangapi ya makala yaliongezwa kwa ajili ya maji ya vyombo, na dakika ngapi zilipita. Siku tatu zinazofuata, tumieni mpango wa hatua tisa, muandike yaleyale. Asiyejua kuandika, mtoto wake wa darasa la tatu atamsaidia, na itakuwa somo zuri la hesabu kwake.

Siku ya mkutano, kila mmoja asome namba zake. Makopo ya makala mliyookoa yageuzwe kuwa franka, na franka hizo ziingie ndani ya sanduku la kundi, zisichanganywe na mchango wa kawaida. Baada ya mwezi mtaamua pamoja: labda kununua kwa zamu mbabula zenye udongo ndani, ambazo zinashika joto kuliko zile za bati tupu. Mbabula moja kwa mama mmoja kila mwezi, mpaka kila nyumba iipate. Namna hiyo masahani yenyewe yatakuwa yamelipa mbabula.

Leteni matokeo yenu kwa mwandishi wa kundi lenu, hata kama hayakuwa mazuri. Nyumba yenye watu kumi na wawili haitapata namba za nyumba ya watu wanne, na mwenye chemchemi karibu hatahesabu maji kama anayepanda kilima. Tutayakusanya na kuyatangaza hapa bila majina, ili Beni ijifunze kwa Butembo na Butembo kwa Beni.

Mpaka juma lijalo, wamama. Sufuria ya bugali ikitoka motoni leo jioni, kumbukeni yale maji ya lita 3.